Meneja Juu ya Meno ya Foklifti

Ghala nililofanyia kazi lilikuwa Temeke, upande wa viwandani, na ndani yake tulihifadhi vigae, masinki na vyoo vya kukalia vilivyokuja kwa makontena kutoka bandarini. Foklifti zilikuwa mbili. Moja niliendesha mie, mwanamke pekee aliyekalia kiti cha mashine ya namna hiyo katika mtaa ule mzima, na nyingine aliiendesha mwanamume ambaye ghala zima lilimwita bingwa. Mie sikumwona bingwa. Nilimwona mtu ambaye hajaua bado.

Alikuwa mrefu, nguo zake safi kuliko kazi yenyewe, na aliendesha kwa mkono mmoja huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Foklifti haigeuki kama gari. Magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma, kwa hiyo mkia ndio unaozoa watu, na anayeiendesha kama gari hajui kampiga nani mpaka asikie kelele. Yeye alikata kona za ghala kama anacheza singeli. Mzigo, ambao unatakiwa uende chini chini karibu na sakafu, aliubeba juu usawa wa kichwa, eti apate kuona mbele kwa kuchungulia chini yake. Makuli walimpigia miluzi. Saa ya chakula waliyarukia yale meno mawili ya chuma ya mbele, wakasimama juu yake wamekumbatiana, naye akawapeleka mpaka getini kwa mama lishe, umbali ambao bibi yangu angeutembea huku anasuka ukili.

Ukija mzigo uliozidi uwezo wa mashine, hakuugawa. Aliita watu wapande nyuma. Watu wazima, wenye wake na watoto, walikimbilia mgongo wa foklifti wakasimama pale wawe uzito wa kuizuia isibinuke, na matairi ya nyuma yakigusa chini walishangilia kama timu yao imefunga goli. Siku moja niliwauliza kama wanajua kwamba wamegeuzwa mawe. Mmoja wao akanijibu bila hata kunitazama.

"Sista, we endesha ya kwako. Mbona una roho ya kwa nini?"

Nikasonya, nikaendesha ya kwangu.

Niseme mapema kwamba mie ni mtu wa dharau, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Mama yangu, mwanamke wa Temeke wa tangu na tangu, alikuwa akisema mdomo wangu ukishabinuka hauna haja ya kufunguka, ujumbe umefika. Nilipomwambia nakwenda chuo cha ufundi kusomea kuendesha mitambo alicheka, akasema angalau mashine haitanuna nikiitazama vibaya. Nilimaliza, nikafanya kazi kwenye ghala la mahindi, kisha nikaja hapa kwenye vigae. Niliendesha polepole. Nilifunga mkanda. Kwenye kona nilipiga honi hata kama naona hakuna mtu, na mzigo ukinizibia mbele nilirudi kinyumenyume njia nzima, shingo imegeuka mpaka ikauma. Kwa hayo yote waliniita bibi harusi. Bingwa mwenyewe ndiye aliyelianzisha jina. Alisema naendesha kama naogopa kuchafua shela.

Meneja wetu alikuwa mkazi wa Kimara, mtu mnene kidogo, mwenye viatu vinavyong'aa ambavyo alivifuta kwa leso kila akitoka ghalani kurudi ofisini. Kila asubuhi alifika na hasira za foleni ya barabara ya Morogoro, na aliye mbele yake ndiye aliyezipokea. Mara nyingi aliye mbele yake alikuwa msaidizi wake. Huyu alikuwa mtu wa bara, wa makamo, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Walikaa mtaa mmoja Kimara na meneja alimpa lifti asubuhi na jioni. Nadhani lifti ile ilimgharimu sana yule mzee, maana tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimpinga meneja kwa neno hata moja. Alimbebea mkoba. Alimshikia simu. Meneja akicheka, yeye alianza kucheka kabla hajajua kinachochekesha.

Huyo ndiye niliyemdharau kuliko wote. Bingwa alikuwa mjinga na mjinga ana udhuru wake. Meneja hakuwa na haja ya kujua chochote. Lakini yule mzee alikuwa na akili. Niliona namna anavyopita ghalani, anavyosimama mwisho wa kila safu akasikiliza kabla hajavuka, anavyokaa mbali na mashine ya bingwa hata ikiwa imezimwa. Alikuwa anajua hatari iko wapi na alichagua kunyamaza. Dharau yangu kwake ilikuwa ya juu kabisa.

Mwaka huo meneja alipelekwa kwenye semina ya usalama kazini, hotelini, huko ufukweni. Alirudi na begi la kitambaa lenye maandishi na neno jipya, utamaduni. Alitukusanya asubuhi.

"Kuanzia leo," alisema, "hapa tunajenga utamaduni wa usalama."

Wakaja mafundi wakapaka mistari ya njano sakafuni, njia ya waenda kwa miguu, mizuri, imenyooka. Haikupita wiki, mistari ile ikafunikwa na maboksi ya vigae kwa sababu ghala lilikuwa dogo, na watu wakarudi kupita katikati ya mashine kama zamani. Zikaja riflekta za rangi ya chungwa na helmeti nyeupe. Tulizivaa siku ya kwanza tukapigwa picha. Siku ya pili meneja aliona zinachafuka, akaamuru zikusanywe na kufungiwa kabatini ofisini kwake, zitolewe wakija wageni.

Nilimfuata mlangoni.

"Bosi, breki ya mkono ya mashine ile nyingine haishiki. Tungeanza na hiyo."

Breki hiyo ilikuwa imekufa muda mrefu. Bingwa alikuwa na dawa yake. Akitaka kusimama alishusha meno mpaka yakagusa sakafu, chuma kikalala kwenye saruji, mashine ikatulia kwa uzito wake. Ilimradi meno yako chini, haikwenda popote. Na sakafu ya ghala lile ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea mlango mkubwa, mafundi waliijenga hivyo ili maji ya kuoshea yatoke.

"Hilo ni suala la kiufundi," meneja alinijibu. "Mimi naongelea utamaduni."

Msaidizi wake alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba. Alitazama viatu vyake mwenyewe.

Basi ikatangazwa kwamba wageni wanakuja. Walikuwa wenye kiwanda kinachotuuzia vigae, watu kutoka nje, na walitaka kuona mzigo wao unatunzwaje. Kwa siku kadhaa ghala lilifagiliwa mpaka panya wakahama. Siku moja kabla ya ujio wao likaletwa bango la turubai, refu, limeandikwa kwa herufi nyekundu USALAMA WAKO NI JUKUMU LETU, la kutundikwa ndani, juu ya mlango mkubwa, mahali ambapo mgeni akigeuka kutoka atalisoma.

Ngazi haikuwepo. Ngazi ya ghala ilikuwa Kimara, kwenye nyumba ya meneja, ilikokwenda kusaidia kupaka rangi ikakaa hukohuko. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Meneja akatazama huku na huku, akaniona nimekaa kwenye mashine yangu.

"Dada, njoo hapa. Weka paleti kwenye meno, utunyanyue, tutundike hili bango, jambo liishe."

Paleti ni ile fremu ya mbao inayowekewa mizigo, mbao zimepigwa misumari kwa nafasi nafasi, mguu mdogo unazama. Nikashuka ili nimjibu nimesimama.

"Bosi, sipandishi mtu kwenye paleti. Kuna vizimba vya chuma vya kazi hiyo, vina uzio pande zote na vinafungwa kwenye mashine. Sie hatuna."

"Ni dakika mbili tu."

"Hata moja. Ghala la jirani wana ngazi. Nikawaombe?"

Alinitazama kama nimemwambia avue shati. Nadhani ghala la jirani ndilo lililokuwa tatizo, maana yeye na meneja wa kule walikuwa hawaelewani, na kwenda kumwomba ngazi mtu ambaye unajigamba kwake kuwa na foklifti mbili kulikuwa kunamuuma.

"Unaona," alisema, akiwageukia makuli waliokuwa wameshaanza kukusanyika, "ndiyo maana wanawake kwenye mitambo mnachelewa kupanda vyeo. Woga."

Walicheka. Bingwa alicheka kuliko wote, na alikuwa tayari amewasha mashine yake.

"Bosi, achana na bibi harusi. Mie hii kazi nilikuwaga naifanya kule nilikotoka, tunabadilishaga mpaka taa za dari."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaja mbio na paleti mpya, akafunga breki mbele ya meneja kwa mbwembwe, meno yakagonga sakafu. Meneja akapanda. Halafu, kwa kuwa bango lina ncha mbili, akageuka.

"Mwalimu, twende."

Nilimwangalia yule mzee. Nitakumbuka uso wake. Hakumtazama meneja wala bango. Alitazama chini ya mashine, kwenye tairi, kisha akanitazama mie, mara moja tu, kisha akaweka mkoba chini vizuri, akaegemeza kwenye nguzo, akapanda. Alikosa pa kushika. Meneja alikuwa ameshika ule wavu wa chuma ulioko nyuma ya meno, unaozuia mzigo usimwangukie dereva, na akabaki ameushika peke yake kama ni wa kwake.

Nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnakosea." Nikarudi nikakaa mashineni kwangu. Ningeweza kuondoka kabisa lakini sikuondoka.

Wakapanda. Mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha meno, ukafunguka kwa mlio wake, mnyororo ukavuta, na wale watu wawili wakanyanyuka na nyundo na misumari mpaka juu ya mlango. Ncha ya kwanza ilitundikwa vizuri. Ya pili ilikuwa mbali. Mtu mwenye akili angewashusha, akasogeza mashine, akawapandisha upya. Meneja alipiga kelele kutoka juu, "Sogea kulia kidogo," na bingwa akasogea nao vilevile wakiwa hewani, paleti ikicheza, mzee amepiga magoti ameshika ukingo wa mbao kwa vidole. Makuli wakapiga makofi. Ncha ya pili ikagongewa msumari mmoja.

Na hapo, kama siyo picha, huenda wangeshuka salama na mie ningebaki na roho ya kwa nini mpaka leo.

Meneja alitaka picha. Aliitaka yeye akiwa juu, ameshika nyundo, bango likiwa pembeni yake. Alitoa simu mfukoni akamdondoshea bingwa, bingwa akaidaka kwa mkono mmoja, kwa madaha, watu wakasema aah. Kisha ili apate picha nzuri akashuka kwenye kiti. Aliacha injini inaunguruma, meno yako juu na watu wawili, na breki ya mkono ile niliyowaeleza. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua simu.

"Bosi, cheka kidogo."

Niliiona ikianza. Haikwenda kwa kasi. Tairi lilizunguka taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini, na foklifti ikaanza kuteremka kuelekea ukutani. Nilipiga kelele nikaruka chini. Bingwa alikuwa anatazama kwenye kioo cha simu, na nadhani aliona picha inasogea akadhani ni mkono wake. Ukingo wa paleti ukagota ukuta wa juu ya mlango. Mashine iliendelea kusukuma. Mbao zikalia, paleti ikajipinda, upande mmoja ukatoka kwenye jino lake, na yule mzee, ambaye hakuwa na cha kushika ila mbao zenyewe, akateleza nazo. Hakupiga ukelele. Alianguka kimya kwenye saruji, mguu umetangulia, na sauti ya mguu ule kila mtu aliisikia.

Ncha za meno zikagota ukuta, mashine ikasimama.

Meneja alikuwa bado juu. Alikuwa amekumbatia ule wavu kwa mikono miwili, miguu juu ya kipande cha paleti kilichobaki kimening'inia kwenye jino moja. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimeanguka. Alikuwa anaita jina la Mungu, kisha jina la mkewe, kisha la Mungu tena.

Nilimtafuta bingwa. Alikuwa amesimama palepale, simu bado imeinuliwa.

"Panda ushushe mtu," nilimwambia.

Akashusha simu. "Nakwenda kutafuta gari," alisema, akakimbia kwenda getini. Magari ya ghala yalikuwa mawili, yote yako ndani, yanaonekana.

Wawili kati ya makuli walikuwa wamemwinamia mzee na mmoja alitaka kumnyanyua. Nilimkataza, nikawaambia wasimguse mguu, wamshike tu kichwa na waongee naye, na wasikae chini ya meno kwa hali yoyote. Nikachukua vipande viwili vya mbao ya paleti nikavibana mbele ya matairi. Kisha nikakaa kwenye kiti cha bingwa, kiti kichafu, mkanda umekatwa kwa kisu zamani kwa sababu ulimkunjia shati.

Tatizo lilikuwa hili. Paleti ilikuwa imebanwa ukutani. Nikishusha bila kurudi nyuma, ingekwama na kumtupa. Nikirudi nyuma, namwendesha mtu hewani, jambo lile lile nililokataa mbele ya watu. Na alikuwa ameanza kushika vibaya. Alikuwa ameteremsha mkono mmoja akashika mlingoti, pale mnyororo unapopita.

"Bosi, toa mkono hapo," nilimwambia. "Nikishusha, mnyororo unakata vidole. Shika wavu tu."

"Siwezi."

"Utaweza. Shika wavu. Mikono yote miwili."

"Dada, taratibu. Dada, nakuomba, taratibu."

Sauti ile haikuwa ya mtu wa utamaduni. Nakiri kwamba niliisikiliza kidogo kabla sijafanya chochote. Alipotoa mkono nikarudi nyuma, upana wa kiganja, mpaka paleti ikaachia ukuta. Ikayumba. Nikasubiri itulie. Kisha nikamshusha, polepole kama unavyoshusha sinki la kaure lisilo na boksi, na alipofika chini nikaweka meno sakafuni, nikazima injini, nikatoa ufunguo nikauweka mfukoni mwangu.

Mzee alikuwa amelala umbali mdogo kutoka pale, mguu umekaa mahali ambapo mguu haukai, uso umegeuka wa majivu. Meneja alishuka kwenye mbao. Alisimama. Alitazama kushoto na kulia.

"Kiatu changu kiko wapi?" aliuliza.

Kuli mmoja akampa. Alikivaa, akafunga kamba. Kisha akanitazama, na nikadhani, kwa upumbavu, kwamba atasema neno. Alisema.

"Na wewe mbona unaendesha mashine bila helmeti?"

Helmeti zilikuwa kabatini ofisini kwake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mdomo wangu ulibinuka peke yake. Nilikwenda kupiga magoti kwa mzee, tukamlaza juu ya ubao mpana wa maboksi, tukampakia nyuma ya pikapu, nikaenda naye mpaka hospitali nimemshika kichwa. Njiani aliniuliza jambo moja tu, kama mkoba wa meneja umechukuliwa na mtu.

Jioni hiyo bingwa alirudi. Alikwenda ghala la jirani, akaomba ngazi, akapewa palepale bila maneno, akamalizia kugongea bango. Kesho yake wageni wakaja. Walivaa riflekta zetu, wakatembea juu ya mistari ya njano iliyokuwa wazi kwa siku hiyo moja, wakalisoma bango, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja wao aliuliza kwa mkalimani kama tumewahi kupata ajali. Meneja akasema kuna mzee mmoja aliteleza ngazini, lakini si ghalani. Kisha wakala biriani. Mie nilikuwa nimesimama na helmeti kichwani, imenipwaya, na hakuna aliyeniuliza chochote. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli kama nikiulizwa. Kuna watu wataniona mwoga kwa kutosema bila kuulizwa, na labda ni sawa, lakini niliwatazama wageni wale wanavyonyanyua miguu wasikanyage maji ya kufagilia, nikaona sina cha kuwaambia.

Baada ya majuma kadhaa nilikwenda Kimara kumwona mzee. Kutoka Gongo la Mboto ninakokaa mpaka kule ni safari ya kuvuka jiji zima, na njia nzima nilikuwa napanga nitakayomwambia. Nilikuwa nimemwandalia makali. Mkewe alinikaribisha kwa heshima, mama mwenye kilemba, akanitengea chai na viazi. Mzee alikuwa kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa vyuma.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mama. Karibu. Umetoka mbali."

Tuliongea ya hospitali. Mkewe alipotoka kwenda jikoni, nikamuuliza moja kwa moja.

"Mzee, ulijua. Nilikuona ulivyotazama lile tairi."

"Nilijua."

"Sasa ulipanda kwa nini?"

Nje kulikuwa na watu wanachota maji bombani na ndoo zinagongana.

"Aliniita," alisema. "Aliniita, nikapanda. Nimetafuta sababu nyingine tangu siku ile, mama, maana nina muda wa kutafuta. Sijaiona."

Makali yangu yote niliyoyanoa tangu Gongo la Mboto yakakosa pa kukata. Ningetaka kusema nilimsamehe, au dharau ilinitoka, lakini haikunitoka. Mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto, ameitwa akapanda. Niliendelea kumdharau huku nakunywa chai yake. Ila nilijikuta namdharau kwa namna nyingine, kwa huzuni, kama unavyomdharau ndugu yako wa damu.

"Na kesho akikuita?" niliuliza.

"Ndiyo ninayoiwaza hiyo."

Alirudi kazini na fimbo. Meneja, kwa furaha ya mtu aliyepata wazo, akamteua kuwa afisa usalama wa ghala na kumpa helmeti yake mwenyewe ya kudumu. Nilicheka mpaka machozi nilipolisikia tangazo hilo. Nani wa kusimamia usalama kama si yule waliyemwangusha.

Lakini asubuhi ya kwanza mzee alichukua kiti cha plastiki ofisini, akakiburuta na fimbo yake mpaka ghalani, akakiweka mbele ya foklifti ya bingwa, akakaa. Bingwa alipiga honi. Mzee hakusogea.

"Mzee, nina kontena nje," bingwa alisema.

"Nimeliona."

"Sasa si unipishe?"

"Sikupishi. Aje fundi wa breki kwanza. Na mkanda."

Meneja aliitwa. Alikuja akifoka, akasimama mbele ya kile kiti, na nilisogea karibu kwa sababu nilitaka kuona huyu mzee anavyoinuka. Hakuinuka. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Bosi, hapa leo hakinyanyuliwi kitu," na akaunyoosha ule mguu mbele yake sakafuni, taratibu, ukiwa bado umevimba. Meneja aliutazama. Makuli waliutazama. Bingwa alikuwa wa kwanza kugeuza uso. Fundi aliitwa kabla ya adhuhuri, na kontena lile nililishusha mie na mashine yangu, peke yangu, mpaka jioni.

Sisemi ghala lilibadilika. Maboksi yalirudi juu ya mistari. Bingwa alianza kuendesha na meno chini, si kwa kuelewa, bali kwa sababu mzee alikuwa anamtazama, na kutazamwa na mtu yule hakukuwa rahisi kwake. Baadaye aliacha kazi akaenda kwa tajiri mwingine, na nasikia huko wanamwita bingwa. Watu walioacha kupanda meno kwenda kwa mama lishe walinung'unika kwamba sasa wanachoka.

Meneja alipandishwa cheo. Walimuaga kwa sherehe ndani ya ghala, viti vya kukodi, muziki, sahani za pilau. Katika hotuba yake alisimulia siku ya bango. Alisema kiongozi hatumi watu, kiongozi hupanda mwenyewe. Alisema alikaa kule juu akamtegemea Mungu na akashuka salama, na hakumtaja aliyeshuka kwa njia nyingine wala aliyemshusha yeye. Watu walipiga makofi, na waliopiga kwa nguvu ni walewale waliokuwepo siku ile.

Mzee alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, fimbo iko kati ya magoti. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia juu ya fimbo, na iliendelea kutulia mpaka makofi yalipokwisha. Kisha akaniinamia, akaniomba nimsogezee kachumbari.